Meno Matano ya Lavonne Hruska

Lavonne Hruska aliwadharau watu wengi, na hakuwa mchoyo wa kuwaambia. Aliwadharau wanunuzi wanaonong'ona bei kama wanaungama dhambi kwa padri. Aliwadharau wanaume wenye kofia safi. Aliwadharau wanaolia kwa jambo lisilo msiba, na hata msibani aliwavumilia kwa muda tu. Lakini waliomkera kupita wote ni wenye meno mabovu. Kwake yeye jino bovu lilikuwa cheti cha tabia: mtu aliyeshindwa kushika mswaki asubuhi na jioni, utamkabidhi nini cha maana akakiweza?

Yeye mwenyewe alikuwa na miaka hamsini na saba na hajawahi kuzibwa jino hata moja. Alikuwa na meno makubwa, meupe, yamejipanga kama punje za hindi la maonyesho, na kwa kuwa kazi yake ilikuwa ya mdomo, hakuna mtu wa mji wao mdogo wa Tolliver ambaye hakuyajua. Alikuwa dalali wa ng'ombe. Kwa miaka ishirini na sita, kila Alhamisi, alipanda kwenye kizimba cha juu pale ukumbi wa mnada, akakamata kipaza sauti, akaanza kumwaga namba kwa kasi ambayo mgeni angeapa kwamba ni lugha ya taifa jingine. Wanaume waliokuja mwanzoni kucheka, eti mwanamke atauza fahali gani, waliishia kunyoosha mikono kabla hawajajua kwamba wameinyoosha.

Chini ya kizimba hicho alifanya kazi Ladislav Vanek, ambaye kila mtu alimwita Laddie. Alifagia mavi ya ng'ombe na kufungua malango. Alikuwa mrefu, mwenye miaka arobaini na kitu. Ujanani aliwahi kusikia sauti za watu wasiokuwepo, akalazwa miezi minne katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na tangu hapo alimeza vidonge vyake kila siku, sauti zikamwachia nafasi. Lakini kinywa chake kilikuwa kimeharibika. Meno ya mbele yalikuwa vigutu vyeusi, na ya pembeni alikuwa anayajua yeye na Mungu wake.

"Laddie, funga hicho kinywa!" Lavonne alikuwa na mazoea ya kutangaza kwenye kipaza sauti. "Mitamba wanadhani ni josho, wanagoma kupita!"

Kila mara ukumbi mzima ulipasuka kwa kicheko. Laddie aliinua fagio lake kidogo, kama anayepokea salamu, kisha akaendelea kufagia.

Mambo yalianza Alhamisi moja ya mwisho wa Oktoba. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, ng'ombe wanaingia, upepo unaingia nao. Lavonne alikuwa katikati ya bei ya fahali mweusi, ulimi umeshika moto, mara kitu kikampiga shavu la kulia. Hakikuuma kama kinavyouma kidonda. Kilipiga kama waya wa umeme wa kuzuia ng'ombe, kutoka pembeni mwa pua hadi kwenye taya, kikakata pumzi yake. Akanyamaza. Katika miaka ishirini na sita hakuwahi kunyamaza katikati ya bei, na wanunuzi walitazamana kama watu waliosikia injini ya ndege ikizimika angani.

Baada ya kupepesa macho mara mbili tatu, maumivu yakaondoka yote, hayakuacha hata alama. Akamalizia fahali. Akasema amepaliwa na mate.

Kesho yake alipokuwa ananawa uso, yakapiga tena. Jumapili yakampiga alipotia kahawa mdomoni. Wiki ya pili alikuwa amejua kwamba upande ule wa kulia kuna mahali, padogo kama dengu, kwenye ukingo wa mdomo, ambapo hata unyoya ukigusa, umeme unawaka.

"Ni jino hilo, Vonnie," alisema Milo, mumewe, mtu wa maneno machache aliyekuwa na mashine ya kusaga chakula cha mifugo nyuma ya nyumba. "Nenda kwa Brandvold."

"Mimi sina jino bovu."

"Kila mtu ana moja. Lako limechelewa tu."

Daktari Kent Brandvold ndiye alikuwa daktari pekee wa meno wa Tolliver. Alikuwa na tangi la samaki sebuleni mwa ofisi, vichwa viwili vya swala aliowapiga mwenyewe, na tabasamu jeupe kupita kiasi, jeupe kama choo kipya. Wagonjwa aliwasemesha kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto amalize uji.

"Haya bibie, tufungue mlango tuone kuna nani ndani," alisema.

Akapiga picha. Akagonga jino moja moja kwa kijiti cha chuma. Akatazama picha, akakunja uso, akaitazama tena. Picha haikuwa na tatizo lolote, na mtu mwingine angesema hivyo. Brandvold hakuwa mtu wa kusema "sijui". Ulimi ungemuuma.

"Ufa," alisema. "Mdogo sana. Picha haiwezi kuuona. Hili hapa la juu."

Akatoboa jino zima, akaua mzizi wake, akalifunika. Lavonne aliteseka pale kitini kama mnyama anayetiwa chapa, maana kila kidole cha daktari kilichopita kwenye ule ukingo wa mdomo kiliwasha moto, ganzi au bila ganzi. Brandvold akamwambia msaidizi wake, "Wenye midomo mikubwa ndio waoga wakubwa." Wakacheka. 

Kisha maumivu yakakaa kimya wiki mbili. Hapo ndipo ulipokuwa mtego wote. Ugonjwa ule una tabia ya kwenda likizo ukipenda, na daktari anayetaka sifa huidaka likizo hiyo na kuiita tiba. Yaliporudi, Brandvold alisema jino limekataa matibabu, linatakiwa kung'olewa. Akaling'oa. Wiki tatu za kimya. Yakarudi. Akasema basi ni jirani yake. Akang'oa jirani. Mwezi Februari akang'oa la tatu. Machi akashuka taya la chini, kwa sababu sasa umeme ulikuwa unafika hadi kidevuni, akang'oa la nne kwa uhakika uleule, kama mtu aliyepoteza ufunguo anayebomoa nyumba ukuta baada ya ukuta na kila ukuta akisema, "Ni huu sasa."

La tano aliliomba mwenyewe. Hilo ndilo Lavonne hakumsimulia mtu kwa muda mrefu. Asubuhi moja ya Aprili alisimama mbele ya meza ya mapokezi, mate yanamtiririka pembeni kwa kuogopa kuyafuta, akasema, "Ng'oa jingine. Ng'oa yote. Nakuomba." Mwanamke aliyewahi kumfukuza mnunuzi ukumbini kwa sababu alisema "tafadhali" mara mbili.

Brandvold aling'oa. Alipotoka kidogo kwenda kuzungumza na mgonjwa mwingine, aliacha kompyuta yake imewaka, na Lavonne aliyasoma maandishi kwenye kioo chake, makubwa, yasiyo na aibu: *Mgonjwa ana wasiwasi uliopita kiasi. Hajitunzi kinywa. Huenda anatafuta dawa za kulewesha. Asipewe za maumivu.*

Kutojitunza kinywa kulikuwa kweli. Tangu Januari mswaki ulikuwa haupiti upande wa kulia. Kuuweka tu ilikuwa sawa na kulamba soketi ya umeme. Chakula kilikuwa kinalala pale, fizi zimevimba, na harufu yake aliisikia mwenyewe akihema kwenye mto. Alikuwa anapiga mswaki upande mmoja, anasukutua kwa maji ya vuguvugu upande wa pili, kisha anakaa pembeni ya beseni akitetemeka kama aliyetoka kuogelea barafuni. Lakini dawa za kulewesha! Lavonne Hruska, aliyekataa hata divai ya komunyo mpaka padri alipomwekea maji ya zabibu!

Brandvold aliporudi, Lavonne alimwuliza, "Umeandika nini hapo?"

Daktari hakustuka. Alivuta kiti, akakaa, akaweka ile sauti ya uji. "Bibie, nimefanya kila kitu ambacho sayansi inaruhusu. Sasa lazima tuambiane ukweli kama watu wazima. Jambo hili liko kichwani mwako. Wanawake wa umri wako, mabadiliko, upweke. Nina jina la mtu mzuri wa ushauri nasaha."

Liko kichwani mwako. Kwa maneno hayo, bila kujua, aliukaribia ukweli kuliko siku zote alizokuwa na koleo mkononi.

Milo alimsikiliza nyumbani, akiponda viazi mpaka vikawa uji, maana hivyo tu ndivyo Lavonne alivyoweza kumeza. Mikate yake midogo mitamu ya kolache, yenye mbegu za mpopi, ambayo zamani alikula mitatu kwa mkupuo, ilikuwa mezani inakauka.

"Labda uende tu kwa huyo wa ushauri," alisema Milo pole pole.

"Na wewe unaona nina wazimu?"

"Mimi naona umekonda."

"Jibu nilichokuuliza."

Milo akaponda viazi. Hakujibu, na Lavonne alihesabu kimya kile kuwa jibu, akalala chumba cha wageni siku nne.

Ukumbi wa mnada ulikuwa umekwisha kumpata dalali mwingine wa kushika nafasi yake. Alikuwa kijana wa kutoka Kearney mwenye mkanda wenye bamba la fedha kubwa kama sahani, anayeuza ng'ombe kwa sauti ya mtangazaji wa hali ya hewa. Lavonne alimsikia mara moja redioni, akazima. Mwezi Mei, siku isiyo ya mnada, alikwenda kuchukua nyundo yake ya udalali na kiti chake chenye mto. Alipita njia ya mazizi ili asikutane na mtu. Lango likafunguliwa upande wa pili, upepo ukapita shavuni, na umeme ukamwangusha magotini kwenye mavi.

Aliyefungua lango alikuwa Laddie Vanek. Alimtazama. Hakumkimbilia, hakusema pole. Aliegemea fagio lake akamtazama mpaka shambulio likaisha, kama fundi anayesikiliza injini.

"Hugusi," alisema.

"Nini?"

"Shavu. Umeinua mkono, lakini umeusimamisha mbali. Mwenye jino bovu hulibonyeza shavu. Hulala juu yake, hulifunga kitambaa, hulipiga ngumi. Mimi najua meno mabovu, au nani hajui kwamba najua? Wewe unalikimbia shavu lako mwenyewe."

Lavonne akajiinua, akashika ubao. "Sasa nitatibiwa na mfagia mavi."

"Basi rudi kwa Brandvold. Ana nafasi Jumatatu, na wewe umebakiza mengi."

Alitaka kumtukana, lakini kutukana kulihitaji mdomo, na mdomo ulikuwa unamwogopesha. Akakaa juu ya kindoo kilichopinduliwa. Na Laddie, ambaye katika miaka tisa hakuwahi kumwambia neno refu kuliko "ndiyo", akazungumza akiwa anafagia.

"Vidonge vyangu vinakausha mate. Daktari wa akili hakuniambia, Brandvold hakuniuliza. Kinywa kisicho na mate kinaoza hata ukipiga mswaki kama kichaa, na mimi ni kichaa mwenye karatasi. Kwa hiyo nikawa nanyonya peremende ili nipate mate. Sukari ikamalizia kazi. Mwaka juzi gego likatunga usaha. Nikaenda kwa Brandvold, akasoma orodha ya vidonge, akaniuliza kama jino linaongea na mimi."

"Akasema hivyo?"

"Na akacheka, hata wa mapokezi wakasikia. Akaniandikia nirudi kwa daktari wa akili. Siku ya tano jicho lilikuwa limefunga kwa uvimbe, nikalazwa siku tatu. Mimi nilikuwa na jino bovu, akasema ni wazimu. Wewe huna jino bovu, akang'oa meno. Mtu huyo angekuwa fundi wa magari, kaunti nzima tungekuwa tunatembea kwa miguu."

Lavonne alitoa sauti ambayo ingekuwa kicheko kama isingeuma.

"Kule nilikolazwa zamani," Laddie akaendelea, "kulikuwa na mwalimu mmoja wa shule, mama wa makamo. Meno yote ya juu yameng'olewa. Alikuwa ananyamaza wiki nzima, kisha anapiga ukelele wakati wa kula. Wakasema kichaa. Akaja daktari mgeni, wa mishipa ya fahamu, akamgusa uso kwa pamba tu, basi. Akampa dawa ya kifafa. Siku ya tatu yule mama alikula mkate wa mahindi na kutukana wauguzi wote kwa majina. Hakuwa na kifafa wala wazimu. Ilikuwa neva ya uso."

"Na kwa nini hukusema mapema? Umeniona miezi yote hii."

Laddie akasukuma mavi kwenye mfereji. "Ulikuwa na kipaza sauti wewe," alisema.

Lavonne hakumshukuru. Aliinuka, akachukua kiti na nyundo, akaenda. Lakini jioni ile alimwambia Milo atafute daktari wa mishipa ya fahamu Omaha, na Milo, aliyekuwa amejilaumu kwa kile kimya cha viazi, alipiga simu mpaka akapata nafasi ya mgonjwa aliyeahirisha miadi yake.

Daktari huyo wa Omaha, Kulkarni, alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya kukimbilia. Hakuwa na samaki. Alimwuliza yanapiga kwa muda gani, yanaanzishwa na nini, na katikati ya mapigo anasikia nini. Kisha akachomoa uzi wa pamba, akaupitisha kushoto, hakuna kitu. Akaupitisha kulia kwenye ule ukingo, na akaushika mkono wa Lavonne kabla hata haujarushwa.

"Samahani," alisema. "Sitarudia."

Akamchorea kwenye karatasi. Kuna neva inayotoka kwenye ubongo, inapita karibu na sikio, inagawanyika matawi matatu kwa paji, shavu na taya. Mara nyingi mshipa wa damu hulala juu ya shina lake, na kila moyo ukipiga, unalisugua. Ganda la neva linachubuka kama waya uliotafunwa na panya. Baada ya hapo jambo dogo tu, upepo au kijiko, na inapiga shoti.

"Meno yaliyong'olewa," aliuliza, "yalikuwa na tatizo gani?"

"Hayakuwa na tatizo."

Daktari Kulkarni aliweka kalamu chini. 

"Mangapi?"

"Matano."

Mtambo wa kupiga picha za ubongo ulithibitisha baadaye: mshipa wa damu, mwembamba kama tambi, umejilaza pale pale. Alipewa dawa, na maonyo yake: kizunguzungu, usingizi, damu kupimwa kila mara. Siku ya nne Lavonne alisimama mbele ya beseni na mswaki mpya. Akauinua. Akaushusha. Akauinua tena, akafumba macho, akaupitisha upande wa kulia. Ulikuwa mswaki tu. Fizi zilitoa damu ikatapakaa kwenye beseni, naye akasugua, akasugua, huku analia, na hakukuwa na msiba.

Wiki iliyofuata alivaa koti lake la mnada akaenda kwa Brandvold bila miadi. Alipita samaki, akapita mapokezi, akasimama kwenye mlango wa ofisi yake na barua ya Omaha. Daktari aliisoma. Tabasamu lilibaki mahali pake, lakini mwenye nalo alikuwa ameondoka.

"Ni ugonjwa adimu," alisema hatimaye. "Daktari yeyote angekosea."

"Mara moja. Ningekununulia kahawa kwa kukosea mara moja. Wewe uling'oa, hukupata, ukang'oa. Hata punda akigonga ukuta mara ya pili hugeuka."

"Bibie, uliniomba mwenyewe lile la mwisho. Imeandikwa."

"Nilikuomba. Na mtu anayeungua akikuomba umtupe dirishani, wewe unamtupa kwanza ndiyo unauliza ni ghorofa ya ngapi."

Brandvold akainua viganja. "Sikiliza. Mimi ni mtu wa moyo. Nitakutengenezea meno ya bandia, bure kabisa, na hili tulimalize kati yetu."

Lavonne alimtazama kwa namna alivyomtazama fahali aliyepakwa dawa ya viatu ili aonekane mweusi. Hakuwa na hasira tena. Hasira humpa mtu heshima fulani, na yeye hakuwa nayo ya kutoa.

"Vidole vyako haviingii tena kinywani mwangu," alisema. "Nataka faili langu. Na nitampeleka Laddie Vanek kwa daktari wa meno."

"Vanek?" Brandvold akacheka kidogo, kwa faraja, kama mtu aliyeona uwanja anaoujua. "Vanek ni kesi ngumu. Watu wa aina ile hawajitunzi."

Sentensi ile Lavonne aliifahamu. Aliisema yeye, kwa maneno mengine, kwa miaka tisa, na watu walicheka. Ilimchoma kuisikia ikitoka kwenye mdomo huo, ikiwa imekaa vizuri, kama shati lililoshonewa mwenyewe. Akachukua faili lake, akaondoka.

Alipeleka malalamiko kwenye bodi inayosimamia madaktari wa meno. Ilichukua miezi tisa. Bodi ilijibu kwa barua yenye aya tatu: wamesikitika, wamezingatia ugumu wa ugonjwa, na daktari ameelekezwa kuhudhuria mafunzo ya siku mbili. Brandvold alihudhuria mafunzo hayo katika hoteli moja yenye bwawa la kuogelea, akapewa cheti, akakitia fremu, akakitundika ukutani kati ya vichwa vya swala. Wagonjwa wapya walikiona wakadhani ni sifa.

Kumpeleka Laddie hakukuwa jambo la filimbi na maua. Alipomwendea mazizini, Laddie alimwambia hataki huruma ya mtu aliyemwita josho.

"Si huruma," alisema Lavonne. "Nina gari, na natafuta mtu wa kupiga naye kelele njiani. Milo haongei."

"Sitaki kwenda mahali nikachekwe tena."

"Akicheka mtu, utaona."

Walikwenda Lincoln, kliniki ya chuo ambako wanafunzi wa udaktari wa meno hutibu chini ya macho ya walimu wao. Saa tatu na nusu za barabara, na waligombana zote, kuanzia dirisha hadi redio. Kwenye mapokezi karani aliuliza, "Na wewe ni nani wake, mama?" Lavonne hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. Alisema, "Mimi ni kelele zake."

Ndani, Laddie alikaa kitini mikono imekamata pembeni. Mwanafunzi, msichana aitwaye Perpetua Lindqvist, alisoma orodha ya vidonge. Lavonne alisimama ukutani akiwa tayari.

"Hivi viwili vinakausha mate sana," alisema Perpetua. "Kuna aliyekwambia?"

Laddie akatikisa kichwa.

"Kwa hiyo si kosa la mswaki. Unapiga mswaki?"

"Mara tatu kwa siku," alisema Laddie kwa sauti ndogo. "Miaka kumi na tisa."

Lavonne aliutazama ukuta. Ulikuwa na bango la jinsi ya kupitisha uzi kati ya meno, na alilisoma lote, mpaka jina la aliyelichapisha.

Waling'oa sita yasiyookoleka, siku mbili tofauti, polepole, kila hatua ikitangulizwa na maelezo, kwa sababu Laddie alisema asichoweza ni kushtukizwa. Waliziba manane. Walimpa dawa ya kulowanisha kinywa, dawa nzito ya meno ya kupaka kabla ya kulala, na peremende zisizo na sukari. Barua ikaandikwa kwa daktari wake wa akili, naye akakipunguza kidonge kimoja. Laddie alirudi kazini na meno ya mbele ya kuvaa ambayo yalimfanya aonekane kama kasisi. Hakutabasamu zaidi ya zamani. Alisema kutafuna kunatosha.

Lavonne naye alipata meno ya kuvaa, yaliyotengenezwa huko huko Lincoln, na akarudi mnadani, lakini si kwenye ng'ombe. Dawa ilikuwa imemwekea mchanga ulimini. Namba zilizokuwa zinamtoka kama maji ya bomba sasa zilikuja moja moja, na mara nyingine alisimama akiitafuta themanini na tano huku mnunuzi anamsubiri kwa adabu, adabu ambayo ilimchukiza kuliko matusi. Wakampa mnada wa asubuhi, wa mbuzi na kondoo. Lavonne aliwadharau mbuzi maisha yake yote. Aliwauza vizuri, akiwatukana.

Majira ya baridi ya pili yalipoingia, umeme ulirudi mara kadhaa, dawa ikaongezwa, kizunguzungu kikaongezeka. Daktari Kulkarni alimweleza juu ya upasuaji wa kuinua ule mshipa wa damu na kuweka kipande laini katikati. Lavonne alisema atafikiria, na mwezi Februari, baada ya umeme kumwangushia kijiko mbele ya wajukuu, alikubali. Ilipangwa Aprili.

Ni katika wiki hizo Milo aliuma kokwa ya plamu iliyosahaulika ndani ya andazi la kuchemsha, na gego lake likapasuka kabisa, ufa ambao hata kipofu angeuona. Alizunguka nyumba ameshika shavu kwa viganja vyote viwili.

"Brandvold yuko dakika sita tu, Vonnie," alisema.

"Na jalala liko dakika sita. Unataka kwenda ukalale huko?"

"Watu wote wanakwenda kwake."

Ilikuwa kweli. Maegesho yake yalikuwa yanajaa kila asubuhi. Mjini hakukuwa na mwingine, na si kila mtu wa Tolliver ana gari lenye uwezo wa kufika Lincoln, au siku nzima ya kupoteza, au kinywa cha kupigia kelele. Lavonne alilijua hilo, na lilikuwa linamkera kuliko cheti ukutani.

"Vaa koti," alisema. "Laddie ana miadi leo hata hivyo. Tutampitia."

Laddie alikuwa anasubiri barabarani na mfuko wake wa peremende. Aliingia nyuma. Kabla Lavonne hajakanyaga mafuta, Laddie alinyoosha mkono mbele, kati ya viti, akampita Milo, akapandisha mpaka juu kioo cha upande wa kulia, kilichokuwa kinaingiza upepo.

"Nani amekuambia nasikia baridi?" Lavonne alisema.

"Hakuna," alisema Laddie. "Endesha."

Milo, kiganja shavuni, akauliza kwa taabu, "Na wakinitaka kung'oa?"

"Waambie wakuonyeshe kwanza kwenye picha," alisema Lavonne, akaingiza gari barabara kuu.